Duka la beringi lisilo na bango: nilivyoifufua difu ya Datsun 240Z

Duka lenyewe halina bango. Liko kichochoroni nyuma ya Mwembe Tayari, Mombasa, baina ya fundi wa redieta na mama wa viazi karai, na ukiuliza "kwa mzee wa beringi" hata makanga wa matatu atakuonyesha. Nimeenda mara nne tangu mwezi wa tano, kwa hivyo ninayo ya kusema, mazuri na mengine.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972. Wazee wakiiona huanza palepale hadithi za Safari Rally: Edgar Herrmann alishinda na gari aina hii 1971, Shekhar Mehta naye 1973. Yangu haijashinda chochote. Ilikaa miaka chini ya mkorosho kule Mtwapa, ikaliwa na chumvi ya bahari, na nilipoinunua kilichokuwa kizima ni injini na usukani. Kila nikipanda Daraja la Nyali, mshale ukigusa 60, nyuma kunaanza kulia kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta sauti inatulia, nikiachia inarudi na hasira. Fundi wangu hakuinua hata gari. "Beringi ya pinioni hiyo," akasema, akaendelea na chai yake.

Tulipoishusha difu, lile sanduku la giya la nyuma linalogawia magurudumu nguvu (ni ile R180, hiyo 180 ikiwa ni upana kwa milimita wa krauni, giya kubwa inayozungushwa na giya ndogo ya pinioni) tukakuta amesema kweli. Pete ya nje ya beringi ilikuwa na michirizi ya kutu, mmoja baada ya mwingine, umbali uleule ulio kati ya rola na rola. Hiyo si alama ya mwendo. Ni alama ya kukaa: gari limesimama, unyevu umeingia, na kila rola imechora pahali ilipolala. Krauni na pinioni zilikuwa salama, meno yakimeta, nikamshukuru Mungu, maana hizo ningezitafutia wapi?

Sasa kosa langu. Nilikwenda kwanza duka jingine, kubwa, lenye kiyoyozi, nikanunua seti nzima kwa bei iliyonifurahisha. Boksi limeandikwa jina kubwa la Ulaya, limefungwa nailoni, safi kabisa. Fundi akaitoa mojawapo, akaipangusa kwa kitambaa chenye petroli ili kuondoa mafuta ya kuzuia kutu, na maandishi ya jina yakabaki kwenye kitambaa. Tukatazamana. Beringi halali namba yake imechongwa kwenye chuma, hata ukiisugua hadi kesho utaisoma. Niliporudi kudai pesa zangu nikaonyeshwa kibao cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Zile beringi ninazo mpaka leo. Moja inashikilia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Ndipo nikaenda kwa mzee. "Sabalkheri ami," nikamwambia, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Hakuitazama.

"Maiti iko wapi?"

Maiti ni beringi kuukuu. Bila maiti hasikilizi kesi. Ikabidi nipande tuktuk nirudi gereji, nikaja nayo imefungwa kwenye gazeti. Akaiosha kwa mafuta taa, akavaa miwani, akaisoma namba ubavuni, kisha akachukua kalipa akapima: tundu, upana wa nje, kimo. "Namba yaweza kudanganya," akaniambia, "mtu alifungua kabla yako akatia aliyoipata. Kalipa haijui kudanganya."

Nilipokuwa nikingoja, kijana wa pampu za visima aliingia akitaka beringi ya gololi namba 6305, na mzee akanipa darasa la bure. Chukua tarakimu mbili za mwisho uzizidishe kwa tano: 05 ni tundu la milimita 25, 07 ni 35. Hesabu hiyo inaanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17, uzikariri tu. Tarakimu za mbele ndizo zinazosema aina na unene. Ndiyo maana 6205 na 6305 zote zaingia shafti moja ya 25, lakini ya kwanza ni 52 kwa nje na ya pili ni 62. Namba hizo ni moja kwa Koyo, NSK, SKF, FAG, kwa hivyo ukiijua namba huna haja ya kung'ang'ania boksi lenye jina la gari lako. Kwa wenye Datsun na Toyota hii ni neema. Mwenye MG au Triumph mambo ni mengine, kwa sababu magari ya zamani ya Uingereza yamejaa vipimo vya inchi, na hapa kwa mzee shelfu ya inchi ni fupi mno.

Mimi nami nikataka kujionyesha. Nilikuwa nimesoma kwamba giaboksi huwekwa beringi za C3, zile zenye nafasi kidogo zaidi ndani, maana pete ya ndani ikibanwa kwenye shafti na kupata joto inatanuka, na isipokuwa na pa kwenda gololi zinajikaba. Nikasema, "Basi ami, na hizi za difu nipe C3." Mzee akavua miwani. Akamtazama yule kijana wa pampu. Wakacheka wote wawili, na kijana sidhani alijua anacheka nini.

"Mwanangu, hiyo ni ya gololi. Hii ya tepa, yenye rola zilizolala mshazari, nafasi yake waiweka wewe, kwa nati na kwa shimu, vile vibati vyembamba. Kiwandani hakuna atakayekuwekea."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi alikuwa akizigombania shimu kuukuu nilizotaka kutupa. Beringi mpya na ya zamani hata zikiwa namba moja zaweza kupishana kwa kitu kidogo kuliko unywele, na pinioni ikisogea hivyo tu, meno yanaumana vibaya na unarudi palepale kwa mbu na kopo.

Nilinunua nne za tepa za difu, Koyo, na nne za gololi za habu (vitovu vya magurudumu) za nyuma, NSK, pamoja na sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje. Jumla shilingi 21,400. Ni karibu mara mbili ya nilicholipa kule kwenye kiyoyozi. Kila moja aliifungua mbele yangu, akanionyesha namba kwenye boksi na namba kwenye chuma, akaniambia nisizipanguse wala kuzifunua mpaka siku ya kuzivisha. Pete ya nje na koni yake, yaani pete ya ndani yenye rola, zitoke boksi moja, hilo alilirudia mara tatu. Habu nazo aliniuliza kitu ambacho fundi wangu hakukitaja: lile bomba fupi la chuma linalokaa baina ya beringi mbili lina herufi gani? Nikaenda kuangalia. Bomba moja limegongwa B, na habu yake B. La upande wa pili ni A, na habu ni B. Kumbe kuna mtu alishalichanganya zamani, na kila beringi iliyovishwa upande ule ilikuwa ikibanwa isivyo. Kutafuta bomba la B kulinichukua wiki mbili, ila hiyo ni hadithi ya mitumba ya Changamwe.

Kuvisha tulivisha wenyewe. Mzee alikataza gesi ya kuchomelea na akakataza nyundo juu ya pete isiyoguswa na shafti, kwa kuwa pigo linapita katikati ya gololi na kuziachia vidonda. Tukatia mafuta kwenye karai la mahamri lililostaafu, jiko la makaa, kipimajoto mkononi, nyuzi 100 na tusipite 120. Koni ikateleza kwenye pinioni yenyewe kama pete ya arusi. Fundi, ambaye ana miaka thelathini ya nyundo, hakusema neno kwa dakika nzima.

Lawama ninazo pia. Koni mbili aliziagiza Nairobi akaniahidi siku tatu. Zilikuja siku ya tisa, na kila nikipiga simu ni "kesho inshallah". Ijumaa anafunga saa sita mchana na kufungua anapojisikia. Risiti ni karatasi ya daftari, jambo litakalomkera mwenye gari la kampuni. Na sili ya pinioni aliyonipa ilikuwa nene kwa milimita mbili. Pesa hakurudisha, alibadilisha, tena baada ya kunilaumu kwamba sikuleta maiti ya sili.

Jumapili iliyopita nilivuka Daraja la Nyali alfajiri, vioo chini, mshale 60, halafu 80. Kimya. Nikaachia mafuta makusudi. Kimya. Ila gereji asubuhi iliyofuata nimekuta tone moja la mafuta sakafuni, chini ya pinioni, saizi ya sarafu ya shilingi kumi. Ni ile sili ya pili. Jumamosi narudi kwake, na safari hii maiti iko mfukoni.