Uzoefu Wangu wa Kozi ya Ustaarabu wa Roma ya Kale katika Chuo Kikuu Jijini Nairobi

Muhula uliopita, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu wa Historia na Kiswahili, nilisoma kozi ya ustaarabu wa Roma ya kale katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, ambacho sitakitaja kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni malalamiko. Ni kozi ya hiari inayofundishwa kila Jumanne kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, kwa majuma 14, na huhudhuriwa na wanafunzi wa sheria, wa uhandisi, wa teolojia na sisi wa ualimu. Wanaotufuata wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kuchaguliwa. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, lakini thamani yake imo karibu yote katika yale majuma tuliyopewa maandishi ya watu wa kale wenyewe tuyasome, na anayeichagua ajue mapema kwamba kabla ya kuyafikia ataivuka sehemu kavu.

Sehemu hiyo kavu ilichukua majuma manne. Kozi ilikuwa na wahadhiri wawili, na yule wa kwanza alitusomea slaidi nasi tukanakili: mji kuasisiwa mwaka 753 KK kwa mujibu wa mapokeo, wafalme kufukuzwa 509 KK, vita vitatu dhidi ya Carthage, mji wa Afrika ya kaskazini, kati ya 264 na 146 KK, Augustus kushika mamlaka 27 KK, kisha orodha ndefu ya makaisari waliomfuata. Sina ugomvi na tarehe, kwa maana mwalimu wa Historia asiyezijua hana pa kusimamia. Malalamiko yangu ni kwamba tarehe zilitolewa bila sababu zake. Tuliandika, kwa mfano, kwamba Tiberius Gracchus aliuawa 133 KK, mstari mmoja tu, tukaendelea na mengine. Ni maktabani nilikosoma kwamba aliuawa kwa kupigwa na kundi la maseneta na wafuasi wao, baada ya kupitisha sheria ya kuwagawia maskini ardhi ya umma iliyokuwa imeshikwa na matajiri kupita kiwango cha jugera 500, yaani karibu hekta 125, kilichoruhusiwa kwa mtu mmoja. Darasa lile lilikuwa na Wakenya zaidi ya arobaini, na sidhani yumo hata mmoja ambaye ukoo wake haujawahi kuguswa na mgogoro wa shamba. Tungeweza kulijadili jambo hilo jioni nzima, tena kwa faida. Wenzetu sita waliiacha kozi kabla ya majuma hayo manne kwisha, nami ninasikitika kwa ajili yao hadi leo, kwa sababu juma la tano mambo yalibadilika kabisa.

Jumanne hiyo aliingia mhadhiri wa pili akiwa na bunda la nakala alizozitoa mwenyewe. Zilikuwa kurasa za Sextus Julius Frontinus, mtu aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya mji wa Roma mwaka 97 BK na akaandika taarifa kamili ya kazi yake. Frontinus anaieleza mifereji tisa iliyouletea mji maji wakati wake, wa kwanza ukiwa ule wa Aqua Appia wa mwaka 312 KK. Tulijifunza kwamba yale matao marefu yanayochapishwa katika kila kitabu ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Mfereji wa Aqua Marcia, wenye urefu wa kilomita 91 hivi, ulipita chini ya ardhi kwa sehemu yake kubwa, na maji yaliteremka kwa mwinamo peke yake, bila pampu ya aina yoyote. Lakini kilicholiamsha darasa ni kurasa za wizi. Mafundi wa maji, anasema Frontinus, waliyatoboa mabomba yaliyopita chini ya barabara za mji wakauza maji kwa siri. Walipachika midomo ya mabomba isiyo na muhuri, mipana kuliko kipimo cha kibali. Na haki ya kupata maji ilipohamia kwa mmiliki mpya, walitoboa tundu jipya katika tangi na kuliacha lile la zamani, ili maji yake wayauze wao.

Mimi ninaishi mtaa wa Pipeline, Embakasi, hapa Nairobi. Maji ya mfereji hutufikia siku chache katika juma, na siku nyingine tunayanunua kwa mtungi kutoka kwa vijana wa mikokoteni, ilhali bwawa la Ndakaini linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi huenda limejaa. Nilizisoma kurasa zile ndani ya matatu nikirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kusoma historia ya Ulaya niliona watu badala ya majina. Msomi mwenzangu wa uhandisi alikwenda mbali zaidi. Katika insha yake alionyesha kwamba Frontinus alipima ukubwa wa mdomo wa bomba bila kuiingiza kasi ya maji katika hesabu, na kwa hiyo sehemu ya upungufu aliouona kuwa ni wizi inaweza kuwa ilitokana na kipimo chenyewe. Mhadhiri aliisoma insha hiyo mbele ya darasa zima, akamwomba mwandishi wake achore mchoro ubaoni, na kwa nusu saa mwanafunzi ndiye aliyefundisha. Hivyo ndivyo ninavyotaka kufundisha nitakapopewa darasa langu.

Juma lililofuata lilikuwa la makazi, na kwangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Wakazi wengi wa mji wa Roma walikuwa wapangaji katika majengo ya ghorofa, na majengo hayo yalianguka mara kwa mara kiasi cha kumfanya Augustus aweke kikomo cha futi 70 za Kirumi, yaani mita 21 hivi, kwa majengo ya kando ya barabara za umma. Kaisari Trajan baadaye aliteremsha kikomo hicho hadi futi 60. Tulisoma barua ambayo Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, alimwandikia rafiki yake Atticus mwaka 44 KK, akimwarifu kwamba maduka yake mawili yameporomoka na mengine yana nyufa, hata si wapangaji tu waliohama bali na panya pia. Anaendelea kueleza kwamba upo mpango wa ujenzi utakaoigeuza hasara hiyo kuwa faida. Darasani tulikuwa na dada mmoja aliyekulia Huruma, mtaa wa Nairobi ambako jengo la ghorofa liliporomoka Aprili 2016 na kuua watu wengi. Aliuliza swali moja tu: wapangaji wale walihamia wapi? Barua haisemi. Mhadhiri hakujaribu kulijaza pengo hilo kwa maneno. Alitutaka turudi katika barua, tuandike ni nani anayesemwa ndani yake na ni nani asiyesemwa, na kazi hiyo ilinifunza kusoma hati za kale kuliko mihadhara yote ya mbinu za utafiti niliyowahi kuhudhuria.

Wengine walipata chao mahali pengine. Mtawa mmoja wa kitivo cha teolojia, aliyezoea kuyasikia majina ya Perpetua na Felisita katika sala ya Misa, alisoma kwa mara ya kwanza maelezo ya gerezani yanayotajwa kuwa ya Perpetua mwenyewe, mama kijana aliyekuwa angali akinyonyesha alipokamatwa, akauawa Carthage mwaka 203. Wanafunzi wa sheria walifurahia Mbao Kumi na Mbili, yaani sheria za mwanzo za Roma zilizoandikwa, za 451 na 450 KK, ingawa kwangu juma hilo lilipita bila kuacha alama kubwa.

Kasoro ninayoiona kuwa kubwa zaidi, kuliko hata zile slaidi, ni kwamba Afrika iliwekwa katika juma la 13, pembezoni kabisa, kana kwamba ni nyongeza. Hali ya mambo yenyewe haikuwa hivyo. Kaisari Septimius Severus, aliyetawala kuanzia 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ambayo leo ni Libya. Mtakatifu Augustino alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo. Nafaka iliyoulisha mji wa Roma ilitoka kwa wingi Misri na Afrika ya kaskazini. Na huko Kushi, ufalme uliokuwa kusini mwa Misri, katika Sudan ya leo, ambako malkia aliitwa Kandake, cheo ambacho msomaji wa Matendo ya Mitume anakijua, majeshi yalipigana na Warumi miaka michache tu baada ya Misri kutekwa 30 KK. Kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus kilichukuliwa hadi Meroe, mji mkuu wa Kushi, na kufukiwa chini ya ngazi za hekalu, mahali pa kukanyagwa na kila aingiaye. Kilichimbuliwa mwaka 1910 na sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mambo haya yote tuliyapitia kwa saa moja.

Saa mbili zilizobaki zilikuwa za pwani yetu. Tulisoma mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina, ambamo pwani ya Afrika Mashariki inaitwa Azania na soko lake la mwisho linaitwa Rhapta, jina linalotokana na vyombo vya kushonwa. Anataja pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa yaliyotoka huku, na mikuki, mashoka na vitu vya kioo vilivyoletwa, pamoja na ngano ambayo wageni hawakuiuza bali waliitoa ili wapendwe na wenyeji. Katika kisiwa anachokiita Menouthias, watu walivua kwa vikapu. Mwenzetu kutoka Lamu alisimama akasema kwamba chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi kwao ni mtepe, na kwamba babu yake ametega madema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, maisha yake yote. Alitueleza jinsi dema linavyosukwa na linavyowekwa maji yakipwa. Muda ukaisha. Tulitoka nje saa mbili na nusu, mlinzi akiwa tayari ameshika funguo, na watu walikuwa bado wanamuuliza maswali kwenye ngazi.

Kwa anayetaka kujiandikisha, yapo mambo ya kawaida ya kujua. Kilatini hakihitajiki, kwani hati zote husomwa kwa tafsiri ya Kiingereza. Kitabu kikuu cha kozi kilikuwa kimoja tu maktabani, hakiazimwi, na tulikigawana kwa zamu ya saa mbili mbili, jambo ambalo kwa anayefanya kazi mchana ni gumu mno. Mimi nilitumia shilingi 1,900 kwa nakala muhula mzima, na sijutii hata senti moja. Jaribio la katikati ya muhula lilitoka lote katika slaidi, ila mtihani wa mwisho ulikuwa na swali moja la kuichambua hati, lenye thamani ya alama 30, na waliokuwa wamesoma zile kurasa kwa makini walilifurahia. Kwa mwalimu mtarajiwa wa Historia ninaipendekeza bila kusita. Kwa anayetafuta tu alama za kujazia nafasi, majuma manne ya kwanza yatamchosha bure.

Katika fomu ya tathmini niliandika maombi mawili: kwamba kila tarehe ya majuma ya mwanzo ifuatwe na ukurasa mmoja wa hati ya wakati huo, na kwamba Azania itolewe juma la 13 iwekwe la pili, ipewe saa zote tatu, na yule mwenzetu wa Lamu aalikwe aje na dema.