Redio ya Android inchi 10 kwenye gari, miezi nane baadaye

Wenye magari ya Japani mnaijua hii, gari inashuka bandarini na redio yake ya kwao, FM inaishia 90 na stesheni zetu kibao ziko juu ya hapo, unabaki na CD na maandishi usiyoyaelewa. Kigari changu ni cha 2005, nikaona tabu ya nini, nikaenda Kariakoo nikachukua liskrini la inchi 10, laki tatu na ishirini pamoja na kufunga. Fundi ananiambia bosi sasa hii ni ndege, na mimi nikavimba kichwa.

Nisiiponde bure, picha safi, ramani inaonekana vizuri, bluetuthi inashika fasta, na kamera ya rivasi peke yake imerudisha hela yangu maana kwangu watoto wanacheza nyuma ya gari saa zote.

Sasa shida ni ukiwa barabarani. Redio ya zamani ilikuwa na kile cha kuzungusha sauti, mkono unakifuata wenyewe hata gizani. Hili halina cha kuzungusha wala cha kubonyeza, kioo kitupu, ukitaka kupunguza sauti lazima uangalie kidole kinagusa wapi, na kwenye viraka kidole kinaruka, unashtukia umefungua yutubu. Jioni moja natoka Kimara naenda Mbezi, mvua, kioo kinapata ukungu, simu inaita kwenye skrini, nimeshusha macho niikate, nanyanyua hivi bodaboda keshachomekea, nilikanyaga breki mpaka dada yangu aliyekaa nyuma akagonga kiti cha mbele. Hatukumgusa, namshukuru Mungu. Usiku nikapiga hesabu, spidi 50 ni karibu mita 14 kila sekunde, yaani sekunde mbili za kutafuta alama kwenye kioo umeshaenda mita 28 huoni mbele, na hiyo ni 50 ya mjini, bado hujafika Chalinze.

Halafu kuna mambo fundi alifanya kimyakimya. Hizi redio zinagoma kuonyesha video mpaka hendibreki iwe juu, yeye ule waya kaukata kaupeleka kwenye bodi ya gari moja kwa moja, video inacheza gari ikiwa mwendoni, eti wateja wote ndo wanavyotaka. Mama watoto anaangalia tamthilia pembeni na mimi jicho linaenda, sidanganyi. Waya wa mwanga nao hakuuunga na taa kwa hiyo usiku skrini inawaka kama saa sita mchana na inajirudia kwenye kioo cha mbele. Na lilivyo kubwa limeziba batani ya hazadi, zile taa za tahadhari, kuibonyeza unapenyeza vidole kwa nyuma kama unaiba asali! Wakati Euro NCAP wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka hazadi, indiketa, waipa na honi ziwe na kitu halisi cha kushika.

Na si magari yetu ya mtumba tu. Gazeti la magari la Uswidi, Vi Bilägare, 2022 walijaribu magari mapya ya skrini pamoja na Volvo V70 ya 2005 yenye batani za kawaida, wote spidi 110, dereva afanye vitu vinne kama kurekebisha joto na kutafuta stesheni. Volvo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10, mita 306. Jipya lililoshika mkia lilitembea mita 1,372. Kilomita na ushee dereva anahangaika na kioo, mi nilirudia kusoma mara mbili.

Nimeenda kwa fundi mwingine, elfu 40. Waya wa hendibreki umerudi kwake (mama watoto kanuna siku mbili), mwanga sasa unapungua nikiwasha taa, skrini imeshushwa hazadi ikaonekana, na nimefunga vile vitufe vya sauti na simu kwenye usukani, hivyo ndo vimenisaidia kuliko vyote. Nimetoa na lile zulia la manyoya juu ya dashibodi, nalo lilikuwa linaakisi kwenye kioo muda wote nikalizoea tu.

Skrini naipa nyota 3, ufungaji wa mara ya kwanza nusu nyota. Ukienda kufunga ya kwako, kabla hujatoa hela muulize fundi waya wa hendibreki anaupeleka wapi, akianza kucheka ondoka.