Plagi ya gesi ya kurekebisha kwenye M1 Garand: uzoefu wangu baada ya mwaka na nusu

Hii plagi ya kurekebisha gesi kwenye Garand yangu (bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani inayojikoki yenyewe kwa nguvu ya gesi) ninayo mwaka na nusu sasa na risasi zaidi ya mia nne zimeshapita, kwahiyo nachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Ni kichuma kidogo tu, hakizidi kidole gumba, nilinunua kama dola 40 hapa Ohio, na kwakweli ningekinunua siku ileile niliyopokea bunduki nisingeharibu opirodi (kile chuma kirefu kinachorudi nyuma kufungua bunduki kila ukipiga) iliyokuwa nzima tangu miaka ya 50.

Nianze na bunduki yenyewe. Nilipopata uraia wa Marekani kitu cha kwanza nilichojiahidi ni Garand kutoka CMP, lile shirika linalouza bunduki za zamani za jeshi kwa raia. Wana masharti yao, lazima uwe raia, uwe mwanachama wa klabu waliyoiidhinisha, na uonyeshe kwamba umeshawahi kushiriki mambo ya kulenga shabaha. Mi nilikuwa nimejiunga na klabu muda tu. Niliyopata ni ya kiwanda cha Harrington & Richardson, kitako kina makovu lakini mtutu ndani unang'aa, kilo nne na ushee, ukiishika unajua umeshika kitu. Na ile sauti ya klipu, kile kibati kinachoshika risasi nane, ikiruka baada ya risasi ya nane, tiing, wanaoijua wanaijua.

Mwanzoni nilikuwa napiga risasi zilizoandikwa kabisa kwenye boksi kwamba ni za M1 Garand, PPU na zile za Federal American Eagle, hakuna shida yoyote. Shida ilianza nilipotaka kwenda kuwinda. Hapa Ohio kulungu haruhusiwi kupigwa kwa 30-06, ndo saizi ya risasi za Garand, bunduki ya kuwindia lazima iwe ya risasi zenye ganda lililonyooka, kwahiyo sisi wenye 30-06 tunavuka mto kwenda Kentucky. Na kuwinda unahitaji risasi ya ncha laini. Nikaingia duka moja, muuzaji akanipa boksi la greini 180 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), nikamuuliza hizi kwenye Garand vipi, akasema 30-06 ni 30-06 tu. Nikamwamini, ndo kosa langu hilo.

Nilipiga klipu mbili, risasi 16. Maganda yalikuwa yanaruka mbali mpaka jamaa wa meza ya pili akahama, na kila nikipiga nasikia mlio wa chuma kugonga chuma huku nyuma, kama nyundo. Bega sio tatizo, bega langu linavumilia, lakini ule mlio haukunipa amani. Nyumbani nikatoa ile springi ndefu, nikarudisha opirodi na bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) bila springi, nikainamisha bunduki mbele na nyuma. Inatakiwa iteleze yenyewe kwa uzito wake mwanzo hadi mwisho. Yangu ilikuwa inakwama katikati na inakwaruza mbao. Imepinda. Opirodi nyingine nzima pamoja na hela ya fundi nililipa zaidi ya mara tano ya bei ya hii plagi.

Sasa kwanini inatokea hivyo, maana watu wengi wanadhani ni presha ya kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, kumbe sio. Risasi za dukani za 30-06 chemba ya Garand inazimudu vizuri tu. Ishu iko mbele. Mtutu ni inchi 24, na kama inchi moja na nusu kabla ya mdomo kuna tundu dogo upande wa chini. Risasi ikishalipita hilo tundu gesi kidogo inashuka kwenye silinda, inasukuma pistoni ambayo ndo ncha ya opirodi, opirodi inarudi nyuma, bolti inafunguka, ganda linatupwa, springi inarudisha kila kitu na risasi nyingine inaingia. John Garand, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Springfield Armory kule Massachusetts, aliipanga hesabu yote hiyo kwa ajili ya risasi za jeshi, na bunduki ikapokelewa rasmi 1936. Risasi iliyokuja kuwa ya kawaida kwake ni M2, greini kama 150, mwendo wa futi 2,740 kwa sekunde, na baruti yake ni ya kuungua kwa kasi ya kati. Risasi nzito ya kuwindia mara nyingi inatumia baruti inayoungua taratibu, maana yake ikifika pale kwenye tundu bado gesi nyuma yake ina nguvu nyingi. Chemba haioni tofauti yoyote, lakini opirodi inapigwa kofi zito zaidi ya lile ililotengenezewa. Alafu opirodi ya Garand ni ndefu na ina mkunjo ili ipite chini ya mtutu, kwahiyo nguvu ikizidi panapoumia ni palepale kwenye mkunjo.

Mimi hili nilielewa haraka kwa sababu ya babu yangu kule Sikonge, Tabora. Babu alikuwa na gobore, na kwenye gobore unashindilia baruti mwenyewe, alikuwa anapima kwa ganda kuukuu la risasi, na hakuna mtu mwingine nyumbani aliruhusiwa kugusa kile kipimo. Akienda kwenye kanga anapima hivi, akienda kwenye mnyama mkubwa anapima vingine. Hizi bunduki za kujikoki zenyewe zimetunyang'anya kile kipimo, mtu anasukuma klipu anapiga, basi. Hii plagi inakurudishia kipimo mkononi, sio cha baruti lakini cha gesi inayoenda kufanya kazi.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Silinda ya gesi mbele imezibwa na skrubu kubwa. Unaitoa unafunga hii plagi, ambayo katikati ina njia ya gesi na skrubu ndogo inayozungushwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita. Ukifungua skrubu gesi nyingi inatokea mbele hewani, ukifunga inabaki ndani kusukuma pistoni. Na wale wanaosema unaharibu uasili wa bunduki, nawaambia jeshi lenyewe lilishafanya hivyo. Skrubu asili ya bunduki yangu ina kivalvu chenye springi ndani yake, kiliwekwa kwa ajili ya kurusha guruneti, ukifunga kile kifaa cha kurushia kinakisukuma kivalvu, gesi inatoka mbele, na opirodi haipati lile kofi. Wazo ni lilelile. Skrubu asili nimeitunza kwenye soksi, siku nikitaka kuirudisha ni dakika mbili. Hata FAL, bunduki ya jeshi ya Ubelgiji, ina pete yake ya kurekebisha gesi kutoka kiwandani.

Kufunga sio kazi. Hakikisha bunduki haina kitu, angalia chemba kwa macho na ingiza kidole, alafu fungua skrubu ya zamani. Yangu ilikuwa imegoma kwa masizi ya miaka mingi, nikaiwekea mafuta ya kupenyeza nikaiacha usiku mzima, asubuhi ikatoka. Plagi mpya ikaze vizuri, isipokaza gesi inavuja na utahangaika kurekebisha kitu ambacho sio tatizo.

Kurekebisha ndo kunahitaji uvumilivu, na kunakula risasi. Nilianza na skrubu imefunguliwa sana, nikaweka risasi moja moja. Ya kwanza ganda halikutoka hata kidogo, nikakoki kwa mkono. Nikaifunga robo mzunguko, piga tena, bado. Nikaenda hivyohivyo robo robo. Kwenye risasi ya sita ganda likatoka lakini kivivu, likaangukia karibu na kiwiko. Ya nane likatoka vizuri na bolti ikabaki nyuma kama inavyotakiwa. Nikaifunga robo moja zaidi ili isiwe inafanya kazi kwa kubahatisha, nikakaza nati ya kufungia, nikapiga klipu nzima ya nane bila kukwama. Ule mlio wa nyundo haukuwepo tena. Na hizi ni zilezile greini 180 za lile boksi lililonipindia opirodi! Maganda sasa yanaanguka sehemu moja, nayaokota bila kutembea. Shabaha naona haijabadilika, kundi la matundu yangu kwenye shabaha ya mita mia ni lilelile. Teke begani limepungua kidogo lakini usinunue kwa sababu hiyo.

Sasa mambo ambayo sikuyapenda, na haya nayasema kwa uzito uleule. Ukishairekebisha kwa risasi moja, umeirekebisha kwa hiyo risasi. Nilirudi kwenye PPU za greini 150 bila kugusa skrubu, ganda likabanwa kwenye mlango wa bolti kila risasi ya pili. Kwahiyo nina kadaftari, nimeandika kila aina ya risasi inataka mizunguko mingapi nikianzia skrubu ikiwa imefungwa kabisa, na kila nikibadilisha nahesabu upya. Pili ni baridi. Nilirekebisha mwezi wa saba, jasho linatoka, nikaenda kupiga mwezi wa kwanza theluji imelala chini, grisi imeganda na baruti haiwaki kwa nguvu ileile, ikaanza kukwama. Ilibidi nifunge robo nyingine. Na masizi, hii tundu inakusanya masizi balaa, usiposafisha kila baada ya kama risasi mia skrubu inagoma na alenki inakula pembe. Nati nayo nilishawahi kuisahau kuikaza, mtikisiko ukaizungusha skrubu, nikadhani bunduki imeharibika kumbe ni mimi.

Kingine, hii sio ruhusa ya kupiga kitu chochote. Plagi inapunguza gesi inayofika kwenye pistoni, haigusi kabisa presha ya kwenye chemba. Zile risasi zilizojazwa kupita kiasi mi sizigusi hata na plagi. Na kama opirodi yako imeshapinda plagi haitainyoosha, fanya kwanza lile jaribio la kuinamisha bila springi. Springi ikiwa imechoka pia utadanganyika, pima urefu wake kabla hujaanza kuhangaika na skrubu.

Mwezi wa kumi na moja uliopita nilienda nayo Kentucky. Kulungu dume alitokea saa moja asubuhi, mita kama sabini, risasi moja ikatosha, na nilipoangalia risasi ya pili ilikuwa imeshaingia chemba vizuri na mkono wa opirodi uko mbele kabisa mahali pake. Nilikaa pale kwenye majani nikamfikiria babu na kile kiganda chake cha kupimia. Msimu huu nataka nijaribu greini 165, ukurasa wake kwenye daftari bado uko wazi, na nina boksi moja la kupima kabla ya mwezi wa kumi.