Vite kwa divelopa wa Arusha anayefanya kazi kwa bando, maoni yangu haya

Wadau, kama unatengeneza tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha na bado unaanzisha projekti kwa Create React App, ile zana ya zamani ya kuanzishia projekti za React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), hamia Vite leo, zana mpya ya kuanzisha projekti, kuiona ukiwa unaiandika na kuibildi, yaani kuifungasha tayari kwa kupandishwa hewani. Nasema hivi maana nimeshaitumia kwenye kazi za wateja kabisa, fomu za kubuku safari, kurasa za Tarangire na Ngorongoro zenye mapicha kibao. Create React App ilitoka 2016 na imetubeba sana, ila Februari 2025 timu ya React wenyewe walitangaza kwamba projekti mpya zisianzie huko tena, sasa mtu anayejifunza kwa video za zamani YouTube anafundishwa kitu ambacho wenyewe wameshakiacha na hakuna anayemwambia, inauma aisee.

Vite aliianzisha Evan You, yule yule aliyetengeneza Vue, fremuwaki (mfumo wa kujengea kurasa) kama React, mwaka 2020, lakini Vite inakubali React, inakubali Svelte ambayo nayo ni fremuwaki, hata JavaScript tupu. Kwenye terminal unaandika npm create vite@latest (npm ni programu ya kushusha pakeji, yaani kodi zilizoandikwa na wengine, inakuja na Node inayoendesha JavaScript kwenye mashine), inakuuliza jina la projekti na fremuwaki, ukimaliza kuinstoli unapiga npm run dev, unafungua localhost:5173, apu hiyo hapo. Ile ya zamani ilikuwa inafungasha kodi yote kwanza ndo ikuonyeshe ukurasa, hii inaipa brauza faili zinazohitajika pale tu, na zile pakeji kubwa inazitayarisha mara moja na kuzitunza. Ukisevu, kinabadilika kipande ulichogusa, na mara nyingi majina uliyokuwa umejaza kwenye fomu yanabaki vilevile. Kwa laptopu ya mtumba yenye ram giga 4 hiyo ni nafuu kubwa mno, nenda kaione mwenyewe.

Bando sasa. Kinachokula bando sio Vite, ni kuinstoli pakeji kila unapoanza projekti mpya, ndo maana mi naitumia pamoja na pnpm, mbadala wa npm, yaani naandika pnpm create vite. Hii pnpm inatunza pakeji sehemu moja kwenye mashine halafu kila projekti inaunganishwa pale pale, kwahiyo kama vesheni ya React ni ileile uliyoishusha kwa mteja wa kwanza haiishushi tena kwa mteja wa pili, na diski nayo inapumua. Ukibaki na npm, weka --prefer-offline unapoinstoli iangalie kwanza ulichonacho.

Konfigi ni faili moja, vite.config.js, fupi na inasomeka. Ila kuna sehemu nataka tuelewane vizuri, ni faili la .env, linalotunza mipangilio kama anwani na funguo. Ukitaka kodi yako ya brauza isome kitu kutoka humo lazima jina lianze na VITE_, mfano VITE_API_URL, halafu unaisoma kwa import.meta.env.VITE_API_URL. Watu wanaona kama usumbufu, mi naona ni ulinzi, maana chochote chenye VITE_ kinaingia kwenye faili anazozipakua mgeni na yeyote anaweza kukisoma. Kwahiyo ndugu zangu ufunguo wa siri wa malipo usiupe hilo jina hata kama unaharakishwa na mteja, huo unakaa kwenye seva! Na ukibadilisha .env baada ya kubildi, bildi upya, thamani zile zimeshagandishwa humo ndani.

Kitu kingine nakipenda ni npm run dev -- --host. Inakupa anwani ya kufungulia kwenye simu, mkiwa hotispoti moja na mteja pale ofisini kwake Njiro anaiona tovuti kwenye simu yake mwenyewe, anasema hiki kitufe kidogo, unakikuza anakiona kinakua, hamjaweka chochote hewani.

Kasoro zipo. Vite 7 inataka Node 20.19 au 22.12 kwenda juu, kwahiyo piga node -v kabla hujamaliza bando. Ukitumia TypeScript, yaani JavaScript yenye aina za data, Vite haizikagui aina hizo ukiwa unaandika, inazivua tu na kuendelea, usiifute tsc, kikaguzi cha TypeScript, kwenye skripti ya bildi. Na inalenga brauza za kisasa, ukimtengenezea mteja ukurasa wa madereva na waongozaji watalii wenye simu za zamani wanaweza kupata ukurasa mweupe, hapo unahitaji pakeji ya nyongeza, @vitejs/plugin-legacy. Hili ndo limenifanya nikate nusu nyota, naipa nne na nusu.

Ni bure, leseni MIT. Ukipeleka kwenye hosti ya cPanel, pandisha vilivyomo ndani ya dist, folda inayotokea ukibildi, na kama tovuti inakaa kwenye folda kama /booking/ andika base: '/booking/' kwenye vite.config.js kabla ya kubildi, la sivyo itatafuta faili zake kwenye mzizi wa domeni na isizione.