Paa la mita tisa lililonyimwa nafasi: tathmini ya kampuni iliyoniezekea nyumba Dodoma

Nyumba yetu ya Dodoma iliezekwa mwezi wa Septemba mwaka juzi na kampuni moja ya hapa mjini ambayo huuza mabati, huyaezeka, hufunga mifereji ya maji ya mvua na hutengeneza madirisha ya alumini, kiasi kwamba mteja akipenda anaweza kuwaachia kazi yote inayobaki baada ya linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Sitaitaja kwa jina. Nimesubiri misimu miwili ya mvua na misimu miwili ya baridi kabla ya kuandika tathmini hii, kwa kuwa paa jipya huwa halina kasoro siku linapokabidhiwa, na kasoro nitakazozieleza hazikuletwa na upepo wala mvua kubwa, bali na jua la saa nane mchana likifuatwa na baridi ya alfajiri, siku baada ya siku, vitu vikitanuka na kunywea bila kuachiwa nafasi.

Niseme kwanza kwamba bidhaa zao hazina ubaya. Mabati yangu ni ya chuma kilichopakwa alumini na zinki, ya migongo mipana, geji 28 (kipimo cha unene), rangi ya kahawia iliyokolea, na yalikatwa kwa urefu wa mita 9 kila moja ili yafike kutoka juu hadi chini bila kuunganishwa. Paa lenyewe ni la mtindo huu wa sasa wa kuficha bati nyuma ya ukuta: lina mteremko mmoja kuelekea uani, kuta zimelizunguka pande tatu, na upande wa nne kuna mfereji wa plastiki wa mita 12 unaopeleka maji kwenye tangi. Hadi leo rangi haijapauka, na hakuna bati lililopata kutu. Ningekuwa natathmini duka peke yake, ningeishia hapa kwa sifa tupu.

Kazi ya ufundi ndiyo iliyonifanya niandike. Bati la rangi iliyokolea likipigwa na jua la Novemba hapa Dodoma hupita nyuzi 60 za Selsiasi, na alfajiri ya Julai bati hilohilo hushuka chini ya nyuzi 15, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 45 si jambo la ajabu kwake. Kila mita 100 za chuma hurefuka takriban milimita 1.2 joto linapopanda kwa nyuzi 1; fanya hesabu kwa mita 9 na nyuzi 45, utapata karibu milimita 5. Ni kiasi kidogo, unene wa penseli haufikii, lakini ukuta ulio pembeni ya bati haurefuki nalo, na mbao za papi, zile zilizo chini yake ambazo bati hufungiwa, hazirefuki nalo, kwa sababu mbao ikipashwa moto hutanuka kwa urefu wake chini ya nusu ya chuma kinavyotanuka. Mbao hubadilika zaidi kwa unyevu kuliko kwa joto, tena kwa upana. Basi bati linasafiri milimita hizo kwenda na kurudi huku kila lilichofungiwa kimebaki mahali pake.

Kwenye papi tatizo halikuwa kubwa. Skrubu zenye mpira huweza kuinama kidogo na kulifuata bati, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kuiacha misumari ya bati, ambayo kadiri miaka inavyopita hujichomoa yenyewe kidogo kidogo. Ila mafundi wa kampuni hii walikuwa na imani kwamba skrubu iliyokazwa sana ndiyo imara, wakaikaza kwa mashine mpaka mipira ikatandazika na kutokeza nje ya vichwa. Mpira uliobanwa namna hiyo hauna tena ulaini wa kuchezea. Mwaka wa pili nilihesabu skrubu 11 zenye mipira iliyopasuka, nyingi zikiwa sehemu ya chini ya mteremko.

Pale bati lilipokutana na ukuta ndipo walipokosea hasa. Badala ya kuweka bati jembamba la kukinga maji, lililoingizwa ukutani upande mmoja na kulalia tu juu ya paa upande wa pili, walijaza saruji na mchanga kwenye pembe yote, wakasawazisha kwa mwiko na kupaka rangi nyeupe. Ilipendeza kuitazama. Saruji ikikauka ni ngumu na haivutiki, na ilikuwa imeshikilia kwa mkono mmoja ukuta ambao karibu hausogei na kwa mkono wa pili bati linalosogea milimita 5. Kabla ya Krismasi ya kwanza kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi kuzunguka pande zote tatu, na mvua ya Januari ikaingia sebuleni na kuchora ramani ya rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu. Fundi aliyekuja kutazama alileta saruji nyingine na kuziba ufa. Ukarudi baada ya wiki chache, tena palepale.

Mtu anaweza kuuliza mbona nondo huzikwa ndani ya zege na nguzo hazipasuki, ikiwa chuma na saruji haviwezi kukaa pamoja. Jibu ni kwamba zege lenyewe hutanuka karibu sawa na chuma, takriban milimita 1 kwa kila mita 100 kwa kila nyuzi 1, na isitoshe nondo iliyo katikati ya nguzo hupata joto lilelile la nguzo. Bati langu liko juani kutwa likiwa na unene usiofika nusu milimita, wakati ukuta wa tofali ulio ubavuni mwake hupata joto polepole na kulitoa polepole. Hata vifaa viwili vya aina moja vingegombana vikiwekwa katika hali hiyo.

Mfereji wa maji ulikuwa kisa kikubwa zaidi, na ninakiri kwamba nilianza kwa kuulaumu mfereji wenyewe. Plastiki ya aina hii hutanuka takriban mara tano ya chuma: kwa mita 12 zangu ni zaidi ya nusu milimita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mafundi waligandisha viungo vyote kwa gundi, kisha wakaufunga mfereji kwa skrubu kwenye kila mkono wa kuushikilia, na mwishoni wakaubana baina ya ukuta wa jiko na ukuta wa stoo, ncha zote mbili zikigusa lipu. Kazi hiyo waliifanya asubuhi ya siku yenye mawingu. Joto la Oktoba lilipofika, mfereji haukuwa na pa kwenda, ukajikunja kama nyoka kati ya mkono na mkono, na maji ya mvua ya kwanza yakawa yanatuama kwenye mabonde badala ya kwenda kwenye tangi. Ilipokuja baridi ya Julai ukanywea, na kwa kuwa skrubu hazikuuruhusu kuvutika, kiungo cha katikati kikaachia kwa mlio uliomwamsha kila mtu nyumbani.

Nilipolalamika walichukua wiki tatu kufika, jambo ambalo silisifu, lakini safari hii walikuja na msimamizi mtu mzima ambaye alipanda ngazi mwenyewe, akautazama mfereji, kisha akawageukia vijana wake na kuwauliza: "Nafasi iko wapi?" Kijana mmoja alimjibu kwa hoja ambayo kwa kweli ni nzuri: mbona reli ya kisasa inayopita hapa Dodoma imeunganishwa kwa kuchomelewa, haina zile nafasi za reli ya zamani, na haijikunji? Mzee hakukasirika. Alieleza kwamba reli hiyo ni nzito, imebanwa kwenye mataruma ya zege yaliyozama kwenye kokoto, hivyo nguvu ya kutaka kutanuka hubaki imefungiwa ndani ya chuma. Ukitaka mfereji wa plastiki ufanye vivyo hivyo, akasema, nunua kokoto uziweke darini. Kwa maelezo hayo peke yake ningeweza kuwaongezea nyota.

Walifungua mfereji wote. Waliufunga kwa skrubu mahali pamoja tu, karibu na bomba la kushukia, wakaondoa skrubu kwenye mikono mingine ili mfereji ulale na kuteleza, wakaacha sentimeta 3 kabla ya ukuta wa stoo, na kiungo cha katikati wakakibadilisha kwa kile chenye mpira kinachoruhusu kusogea bila kuvujisha. Kazi hawakunitoza, ila viungo nilinunua mimi. Baadaye, kwa udadisi, nilichora alama ya penseli ukutani kwenye ncha iliyo huru saa kumi na mbili asubuhi, nikapima tena saa nane mchana: ilikuwa imesogea karibu milimita 17. Tepu yangu ya kupimia nayo ni ya chuma na imeandikwa mwanzoni kwamba vipimo vyake ni sahihi katika nyuzi 20, lakini kwa urefu mdogo kama huo kosa lake halionekani kwa macho.

Kwenye pembe za ukuta walibomoa saruji na kuweka bati la kukinga, na msimu wa pili wa mvua umepita bila tone sebuleni. Zile skrubu 11 walizibadilisha, na nyingine wakazilegeza robo mzunguko.

Sasa madirisha, ambayo sina lawama nayo hata moja. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma na zaidi ya mara mbili ya kioo, kwa hiyo dirisha la alumini ni ndoa ya watu wenye tabia tofauti kuliko paa lolote. Waliotengeneza madirisha yangu waliacha milimita 5 kila upande kati ya fremu na ukuta, wakajaza silikoni laini badala ya lipu, na kila kioo kimekaa ndani ya mpira bila kugusa alumini. Yanafunguka mchana wa Novemba sawasawa na yanavyofunguka asubuhi ya Julai. Kinachonishangaza ni kwamba karakana ya madirisha na mafundi wa paa wako chini ya mwajiri mmoja na wanakula chakula cha mchana kwenye meza moja, na bado elimu iliyo kwa hawa haijawafikia wale.

Kwa madirisha nawapa nyota tano, kwa mabati nne, na kwa uezekaji wa mara ya kwanza mbili, ambazo zimepanda kuwa tatu kwa ajili ya yule mzee na ngazi yake. Anayetaka kuwapa kazi aandikishe kwenye mkataba, kabla ya kulipa awamu ya kwanza, mambo matatu: bati la kukinga badala ya saruji kwenye kila ukuta, mfereji kufungwa kwa skrubu mahali pamoja tu, na kiungo cha kusogea kwa mfereji wowote mrefu. Juu ya stoo, bati bado linalia "taki, taki" jua linapozama, pale linapong'ang'ania chini ya skrubu moja wasiyoifikia halafu likaachia kwa mkupuo. Wameahidi kuja Jumamosi.