Kufuta kache yote au kubadili toleo la faili?

Umebadilisha rangi za tovuti, wewe unaziona, mteja bado anaona za zamani. Hapo mjadala huanza: tufute kache yote, yaani nakala zilizohifadhiwa ili kurasa zifunguke haraka, au faili ipewe namba mpya ya toleo?

Kwa urahisi, kufuta kunashinda. Kwenye Cloudflare (huduma inayohifadhi nakala za tovuti kwenye seva zake) au programu-jalizi ya WordPress ni kitufe kimoja tu. Gharama huja baadaye: kurasa hutengenezwa upya, na seva ndogo inaweza kulemewa saa zenye wageni wengi.

Kwa uhakika, naegemea namba ya toleo. Kitufe kile husafisha nakala za kwenye seva. Hakifiki kwenye simu ya msomaji. Faili ya mtindo, ile yenye rangi na mwonekano, ikiwa ilitumwa na agizo la muda wa kuhifadhiwa max-age=31536000, yaani sekunde za mwaka mzima, kivinjari chake kinaruhusiwa kuendelea kuitumia bila kuuliza. Ukiandika mtindo.css?ver=2, kwa kivinjari anwani hiyo ni ya faili nyingine, kitaipakua. Zile ambazo hazijaguswa zinabaki kwenye simu, bando linasalimika. Sharti tu ukurasa unaoiita nao uwe mpya.

Makala yenyewe, hata hivyo, huwezi kuibadilishia anwani kila unaposahihisha bei. Hiyo ifutie kache ya ukurasa wake peke yake.

Mwenye blogu ndogo atatoshwa na kitufe. Mwenye duka la mtandaoni na fundi wa kudumu aweke namba za toleo zijibadilishe zenyewe kila mabadiliko yanapopandishwa.