Friji ya Safari Hununuliwa Nakuru, Hupimwa Marigat

Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake nyingi humtaka mtu avae sweta. Ubaridi huo ndio ulionidanganya nilipokwenda kununua friji ya kubebea safarini. Muuzaji alichomeka kasha la umeme la lita 24 ukutani, akatia chupa ya maji ndani, akanishauri niendelee na shughuli zangu za mjini nirudi alasiri. Niliporudi, kipimajoto nilichokuwa nimekiacha ndani kilionyesha nyuzi 5, nami nikalipa shilingi 11,500 bila kuuliza swali jingine. Wiki mbili baadaye tulifika Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, kasha lile lile likiwa limechomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari tangu tulipoondoka nyumbani na feni yake ikivuma njia nzima, na kipimajoto kile kile kikasoma nyuzi 17. Maziwa ya watoto yalikuwa yamechacha.

Sikuwa na haki ya kumlaumu muuzaji, kwa sababu kasha halikuwa bovu. Mimi ndiye sikujua nimenunua kitu gani. Makasha ya aina hii hayana kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupoza, wala gesi yenyewe. Yana kisahani chembamba ambacho, umeme unapopita ndani yake, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, jambo ambalo Mfaransa Jean Peltier alilibaini mwaka 1834. Kisahani hicho kinachoweza kufanya ni kushusha joto la ndani nyuzi 20 hivi chini ya joto la hewa iliyokizunguka, basi. Dukani palikuwa na nyuzi 25, kwa hiyo nikaonyeshwa 5. Ndani ya gari lililopita Mogotio, likavuka ikweta na kuteremka hadi Marigat, joto lilikuwa nyuzi 37, na kutoa 20 katika 37 hakuhitaji hesabu ya chuo. Tena vifaa hivi huvuta umeme mfululizo, wati 50 hivi mchana na usiku, kwa kuwa vingi havifiki kamwe kwenye ubaridi unaotosha ili vipumzike. Ikiwa safari zako ni za kutoka Nakuru hadi Naivasha na kurudi siku hiyo hiyo, na unachobeba ni soda, kasha hili litakufaa. Ikiwa unabeba nyama, halifai, maana Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachoharibika upesi kikae chini ya nyuzi 5.

Baada ya aibu hiyo nilinunua kasha la barafu la kawaida, lisilo na waya wowote, lenye lita 45 na kuta za povu gumu zenye unene wa sentimita tano hivi, nikaenda nalo Kisumu kisha msitu wa Kakamega kwa usiku mbili. Watu wengi hulidharau kasha la namna hii kama kitu cha kizamani, na mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokaa chini na kufanya hesabu. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu, bila hata maji yake kuanza kupata joto, humeza kilojuli 334. Kilo kumi basi humeza joto linalolingana na wati-saa 930 hivi, na hakuna betri ya gari dogo inayoweza kukutolea kiasi hicho cha umeme bila kuuawa.

Ila barafu ina matumizi mabaya ambayo wengi hatuyaoni. Kila lita nne za vinywaji vilivyo na nyuzi 25 hula kilo nzima ya barafu kabla ya kushuka hadi nyuzi 5. Anayepakia kreti ya soda iliyokuwa imekaa stoo, akamwaga juu yake mfuko mmoja wa barafu, kisha akalalamika kwamba kasha ni hafifu, amelionea kasha. Vinywaji na nyama vilale kwenye friji ya nyumbani usiku wa kuamkia safari, na kasha lenyewe litiwe chupa mbili za maji yaliyoganda usiku huo huo ili kuta zake zipoe, la sivyo kuta ndizo zitakazokuwa za kwanza kula barafu yako. Mimi hugandisha chupa za lita moja na nusu, sita au saba, badala ya kununua vipande vidogo vidogo. Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande, halilowanishi mkate, na likishayeyuka ni maji ya kunywa.

Katika safari ile tulipita Mau Summit, tukashuka Kericho penye baridi ya majani chai, kisha barabara ikatutupa kwenye tambarare za Awasi na Ahero, ambako joto hukupokea kama mlango wa jiko. Tulipofika Kisumu barafu ilikuwa bado haijapungua sana. Niliongeza kidogo Dunga, kwa wachuuzi wa samaki, na hapo nikapata somo ambalo sijaliona kwenye kijitabu chochote cha maelezo. Mama mmoja aliyekuwa akipanga ngege na mbuta kwenye kasha lake aliweka barafu chini, samaki katikati, barafu juu, na hakuacha upenyo. Palipobaki nafasi alijaza gunia lililokunjwa. Hewa iliyo tupu, alisema, ndiyo mwizi, kwa sababu hutoka kila kifuniko kinapoinuliwa na nyingine ya moto ikaingia mahali pake. Tangu hapo nimekuwa nikijaza mapengo kwa taulo. Barafu ya ufukweni, hata hivyo, ni ya samaki, si ya kutia kwenye glasi, na yangu niliifunga kwenye mfuko wa plastiki mzito kabla haijagusana na chakula. Kuhusu maji yanayoyeyuka, ambayo watu hubishana kama yamwagwe au yaachwe, jibu langu linategemea mzigo. Kama ni soda na chupa za maji, yaache, maana maji yenye nyuzi sifuri bado yanapoza kuliko hewa itakayochukua nafasi yake. Kama ni nyama, fungua kizibo uyamwage, kwa kuwa nyama inayoogelea huharibika na kuchafua kila kilicho jirani. Asubuhi ya tatu, Kakamega, mabonge mawili yalikuwa bado na moyo mgumu katikati, na soseji zilikuwa na nyuzi 4.

Friji ya gesi, yaani ile inayopoza kwa kuwasha mwali wa gesi, nitaipitia haraka. Ni uvumbuzi wa Waswidi wawili wa mwaka 1922, haina sauti, na mahali pasipo umeme hufanya kazi vizuri ikiwa imesimama kwenye sakafu iliyo sawa na hewa inapita. Hata hivyo, gari lenye mwali wa gesi ndani likitembea kwenye barabara ya mashimo ni jambo ambalo sitalijaribu, na kwenye mteremko wa kambi, gari likiwa limeinama upande, upoaji wake huzorota.

Friji ya kompresa ndiyo friji ya kweli, kwa maana ya ile iliyo jikoni kwako, ila imetengenezwa kutumia volti 12 au 24 na kustahimili mtikisiko. Niliyonunua ina lita 40, ina kilo 16 ikiwa tupu, na iligharimu shilingi 46,000, bei ambayo mke wangu huikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi. Niliirudisha Kampi ya Samaki makusudi, mahali pale pale pa maziwa yaliyochacha, tukakaa usiku tatu. Niliiweka nyuzi 3 na ikabaki kati ya 2 na 5 muda wote iliokuwa na umeme, hata saa nane mchana, saa ambayo watu na mbuzi wote walikuwa wamekimbilia vivuli vya migunga. Huko nje viboko walikuwa wakitoka majini usiku kula nyasi, na sauti ya kompresa, ambayo nyumbani niliiona inasumbua, sikuisikia kabisa.

Tatizo lake si ubaridi, ni umeme, na hapa ndipo maelezo ya kwenye maboksi hukaa kimya. Inapofanya kazi, friji yangu huvuta ampea 4 hadi 5. Nakuru usiku huwaka robo ya muda tu na kupumzika, lakini kwenye joto la Baringo ilikuwa ikiwaka zaidi ya nusu ya muda, yaani takriban ampea-saa 55 kwa siku nzima (ampea-saa ni ampea moja ikivutwa kwa saa moja). Betri ya Probox yangu ni ya ampea-saa 45, nayo imetengenezwa kwa kazi ya kuwasha injini, kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kunyonywa taratibu usiku kucha. Friji hizi zina kinga inayozima umeme betri inapochoka, na kwa kawaida kinga hiyo ina ngazi tatu. Ngazi ya juu huzima mapema ili gari liweze kuwaka, ilhali ya chini ni ya mtu aliye na betri ya pili. Mimi sikusoma, nikaiacha kwenye ya chini. Asubuhi gari lilikohoa mara moja likanyamaza, ikabidi vijana sita wa pale walisukume hadi barabarani, na nikawalipa kwa soda ambazo, lazima niseme, zilikuwa baridi sana.

Fundi wangu wa umeme wa magari alinifanyia mambo mawili baada ya hapo, na ningemshauri yeyote ayafanye kabla ya safari ya kwanza. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, ukiwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri, kwa sababu tundu la kiberiti mara nyingi lina waya mwembamba unaopoteza volti njiani, plagi yake hulegea kwenye matuta, na katika magari mengi umeme wake hukatika ufunguo unapotolewa. Kisha alinifungia betri ya pili inayojazwa na altaneta gari likitembea. Paneli ya sola ya wati 100 nayo husaidia, na kwa jua letu la karibu na ikweta inaweza kurudisha sehemu kubwa ya kilicholiwa, lakini ina kejeli yake: gari linataka kivuli na paneli inataka jua. Nunua waya wa mita tano au zaidi, gari likae chini ya mti, paneli ikae nje, na mtu awe karibu nayo.

Kilichonifanya nitoe shilingi 46,000 hakikuwa nyama wala soda. Mama yangu anatumia insulini, na tulikuwa tukimpeleka kwa dada yangu upande wa Mbita kwa wiki mbili. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa dawa hiyo kasha la barafu ni hatari ya upande wa pili, kwani kichupa kinachogusana na barafu kinaweza kuganda bila wewe kujua. Hata friji ya kompresa ina kona zake: chini, karibu na kuta, huwa baridi kuliko namba inayosomeka nje. Dawa ya mama ilikaa kwenye kikopo cha plastiki kilichofungwa kitambaa, kikapuni juu, pamoja na kipimajoto cha pili, na friji niliiweka nyuzi 5 badala ya 3.

Kwa hiyo siku hizi safari ya mwisho wa wiki naenda na kasha la barafu, ambalo halijawahi kunisukumisha gari, na kompresa hutoka stoo tunapokaa usiku tatu au zaidi, au tunapokuwa na mama. Kama ningeruhusiwa kununua kimoja tu, na nyumbani hakuna mgonjwa, ningenunua kasha zito la barafu na kutumia fedha zilizobaki kwenye mafuta ya gari.

Anayekwenda kununua kompresa aende na futi, apime buti lake kwanza, na aache upana wa kiganja upande wenye matundu ya hewa, maana friji iliyozibwa na mablanketi hujichemsha yenyewe. Achague ya kufunguliwa juu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubaki chini kifuniko kinapoinuliwa. Asikubali ionyeshwe kwa umeme wa ukutani peke yake. Muuzaji aiunganishe kwenye betri ya gari, nje, juani, saa saba mchana, ikiwa na maji ya vuguvugu ndani. Nilipomwomba muuzaji wangu wa pili, wa kompresa, afanye hivyo alinitazama kama mtu aliyetumwa kumchunguza, lakini aliitoa nje akaiweka kando ya barabara, na baada ya saa moja na nusu wateja wengine watatu walikuwa wamesimama nami wakisubiri kuona namba ikishuka.